Ngumi ya Binti Yangu

Kofi la kwanza katika habari hii nilipigwa mimi, na wala sikulisikia. Nilikuwa nimeanguka kando ya karai la mafuta nje ya nyumba yetu huko Munje, mimba ikiwa ya miezi sita na kidogo, mboni zimepotelea ndani na meno yameng'ang'ania ulimi. Wifi yangu, dada yake mume wangu, alinikalia mapajani akanizaba kofi la kulia, akanizaba la kushoto, huku akiuliza kwa ukali, "Wewe ni nani? Wataka nini? Sema jina lako, umwachilie!" Hakuwa akisema na mimi. Alikuwa akisema na pepo.

Hayo nimesimuliwa. Ninayoyakumbuka mwenyewe ni ya kabla yake. Miguu ilikuwa imevimba hata viatu havinitoshi, kichwa kinagonga, na mbele ya macho naona vimulimuli mchana kweupe. Mimi ni mama karanga, ndivyo tunavyoitwa huku sisi wanawake tunaonunua samaki ufukweni, tukawakaanga na kuwauza, kwa hivyo nilisingizia moshi wa kuni. Wifi alisema ni pepo wa baharini, amenipata nikiosha samaki saa za jua kali. Tukabishana siku nzima, na sote wawili tulikuwa tumekosea. Ilikuwa presha ya mimba. Ilipanda mpaka ikaniangusha kwa kifafa, na nilipoanguka nililigonga karai, mafuta yakanimwagikia begani. Kovu ninalo hadi leo, limekunjamana kama utando wa maziwa.

Mume wangu anaendesha tuktuk Ukunda. Alipigiwa simu akaja mbio, akanikuta nimezungukwa na moshi wa ubani, dada yake bado yuko juu yangu. Akataka kunibeba. Wifi akanishika mguu akiapa kwamba mtu mwenye pepo hasogezwi kabla pepo hajataja jina, akisogezwa pepo ataondoka naye. Mume wangu, ambaye siku zote humwogopa dada yake, alimsukuma kwa mguu kifuani, akamwangusha kwenye rundo la kuni. Wifi alivunjika jino. Mpaka leo akicheka huziba mdomo kwa leso, na mpaka leo hajamsamehe kaka yake.

Hospitalini walinipasua siku hiyo hiyo. Nilipozinduka, mikono yangu ilikuwa imefungwa kitandani kwa bandeji, maana nilikuwa nimempiga muuguzi teke nikiwa sijitambui. Nililia sana nikiuliza mtoto yuko wapi. Tumbo lilikuwa limelegea, hakuna kitu ndani, na hakuna aliyekuwa na haraka ya kunijibu.

Walinipeleka kumwona kwa kiti cha magurudumu. Alikuwa wa kike. Nimeshika samaki wengi maishani waliomzidi ukubwa. Alilala kwenye kisanduku cha joto, mpira mwembamba puani, ngozi nyekundu iliyokuwa nyepesi mno hata mishipa yote naiona, na macho yamefumba kabisa. Sikuhisi mapenzi, niseme ukweli. Nilihisi hofu, kisha hasira, kwa sababu kila aliyekuwa chumbani mle alimtazama kama mtu anayeaga.

Nikiwa nimekaa pale, kifua chake kikasimama. Mashine ikaanza kulia. Muuguzi, kijana wa kike kutoka bara, alifungua kisanduku akaupiga unyayo wa mwanangu kwa kidole. Mtoto hakusogea. Akampiga tena, kwa nguvu. Mimi niliruka kutoka kwenye kiti, mshono wa tumbo ukitaka kuachia, nikamkamata muuguzi kwa ukosi wa nguo.

"Wampiga mwanangu? Wampiga mtoto kama huyu?"

"Mama, niachilie! Tulia bana! Huyu amesahau kupumua. Lazima akumbushwe."

Alimpiga mara nyingine huku mimi nikimning'inia shingoni, na kifua cha binti yangu kikapanda. Kikashuka. Kikapanda. Ndipo nikamwachilia yule msichana, nikaona nimemkwaruza shingo. Alijipangusa akanivuta karibu. "Njoo nikuonyeshe. Wewe ndiye utakuwa hapa muda mwingi kuliko mimi." Hivyo ndivyo nilivyofundishwa kumpiga mwanangu unyayoni kila alipojisahau. Sikuwa nimembusu bado, na nilikuwa nimeshampiga.

Kwenye kitanda cha jirani alikuwapo mwanamke kutoka upande wa Kinango, watu wa ng'ombe na mbuzi, aliyezaa mapacha kabla ya wakati kama mimi. Tuliamkiana vizuri kila asubuhi, tukakamua maziwa pamoja na kuyaingiza kwenye bomba la sindano yapite kwenye mpira mpaka tumboni mwa watoto, tone baada ya tone. Siku pacha wake mmoja alipokufa, hakupiga ukelele. Aliupiga ukuta kwa ngumi, akaupiga tena, mpaka vifundo vya vidole vikachanika na rangi ya ukutani ikawa nyekundu. Kisha akanawa mikono kwa sabuni kama tulivyofundishwa, akaenda kumkamulia yule aliyebaki.

Daktari aliniita mimi na mume wangu. Alisema damu imevuja kichwani mwa mtoto, upande mmoja. Nilimuuliza kama atakufa. Akasema anaweza kufa na anaweza kuishi, na akiishi kuna mambo ambayo hayatajulikana leo. Wengine hukua wakawa kama wenzao. Wengine huchelewa kukaa, kutembea, kusema. Wengine mkono au mguu hukaza. "Mtaona akikua," alisema.

Kesho yake mume wangu alikuja na mfuko wa karatasi amebana kwapani. Nilidhani ni chakula. Nikauchungulia, nikaona bafta, nyeupe, mpya, kipande kidogo cha kumtosha mtu mdogo. Sanda.

"Dada amesema tuwe tayari," alisema, macho chini.

Nilimpiga nayo. Nilimpiga usoni, kichwani, mgongoni, hapo hapo kwenye korido mbele ya watu waliokuja kuona wagonjwa, mpaka bafta ikafunguka na kuangukia kikombe changu cha chai, ikalowa. Askari wa mlangoni alinishika kiuno kwa nyuma. Mume wangu hakujikinga. Aliokota kile kitambaa akakikamua, akakirudisha kwenye mfuko, akaondoka analia barabarani mchana kweupe, watu wakimwona. Mimi sikumhurumia. Nilirudi kwa mwanangu, nikafungua kifua, muuguzi akaniwekea mtoto katikati ya matiti, ngozi kwa ngozi, akatufunga pamoja kwa leso. Nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba ajaribu tu kufa aone.

Hakufa. Alinona polepole, akajifunza kunyonya, na tukarudi naye Munje. Wifi alitupokea mlangoni. Alimchukua mtoto akamnusa shingoni, akaingia naye ndani. Tangu siku hiyo alimpenda binti yangu kwa mapenzi ya kugombana. Alimwogesha yeye, akamkanda yeye, akamfukizia nguo, na nikisema moshi ni mbaya kwa mapafu yake tulitukanana mpaka majirani wakaja. Nyumba iliachwa na wakwe zangu marehemu, haki yake ilikuwa sawa na yangu, kwa hivyo hakuna aliyeweza kumfukuza mwenzake. Tulipigana vibaya, mara kwa sufuria, mara kwa maneno. Mtoto alijifunza kulala kwenye kelele zile, na tukinyamaza alishtuka.

Alipofika umri wa kunyoosha mikono kukamata vitu, ulinyooka mmoja tu. Wa kushoto. Wa kulia aliukunja ubavuni, ngumi imefumbwa, kidole gumba kimefichwa ndani ya vile vingine. Nikimfungua vidole kumwosha, nakuta kiganja kimetota jasho na kunuka. Nikiachia, vinajifunga. Na mguu wa upande ule ulikaza vilevile, akachelewa kutembea, na alipotembea alikanyaga kwa ncha za vidole. Lakini ulimi wake haukuchelewa kitu. Alianza kutukana mapema, na kwa mpangilio mzuri, maana walimu alikuwa nao wawili ndani ya nyumba.

Kliniki nilikompeleka kulikuwa na mama wa mazoezi ya viungo, mtu wa makamo. Aliniambia ile damu iliyovuja kichwani ndiyo iliyoufunga mkono. Nikamuuliza kama utafunguka. Akasema huenda ukafunguka na huenda usifunguke, ila ukifunguka itakuwa kwa kutumiwa. Nilirudi nyumbani na neno hilo moja. Mguu sikuujali sana, kuchechemea si aibu. Nilichotaka kwa Mungu ni kuona kile kiganja kimefunguka, kwa sababu ulikuwa mkono wa kulia.

Mtu asiye wa kwetu anaweza kuuliza kuna tofauti gani. Kwetu twala sinia moja, kwa mkono wa kulia. Wa kushoto una kazi zake nyingine, zifanyikazo chooni, wala hauingii chakulani, na humpi mtu kitu kwa mkono huo ila uwe unamtukana. Binti yangu alipoanza kula pamoja na watu kwenye harusi na matanga, alitia ule wa kushoto, kwa sababu ndio aliokuwa nao. Wanawake walijivuta nyuma kidogo, mmoja akasema ameshiba, mwingine akasema ameshiba, na mtoto akabaki na sinia peke yake, akafurahi kwamba wali wote ni wake. Mimi nilikaa pembeni nikiumia. Wifi alikuwa akitazama pia.

Asubuhi moja nilitoka kununua samaki. Nilirudi na ndoo kichwani jua likiwa juu, nikasikia mkoromo uani, kama wa mnyama anayekabwa. Binti yangu alikuwa ameketi mkekani mbele ya sahani ya wali na mchuzi. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umefungwa nyuma ya mgongo. Alikuwa ameinamisha uso mzima ndani ya sahani, anakula kwa mdomo kama mbuzi, wali umemjaa puani, na ile ngumi ya kulia inaigonga sahani pembeni, inagonga, haifunguki. Wifi alikuwa ameketi mbele yake, machozi yanamtiririka.

"Amekataa," aliniambia. "Tangu asubuhi amekataa. Hakula kitu mpaka sasa hivi. Nimemwambia autumie tu, hata kidole kimoja."

Ndipo nilipokiona kile kitambaa alichomfungia. Bafta. Ilikuwa na doa la chai.

Ndoo sikuitua, niliirusha. Ilimpata wifi begani, samaki wakatapakaa uani na kuku wakawakimbilia. Niliokota mwiko wa kukaangia, ule mrefu wa chuma, nikampiga nao mgongoni, akageuka akaniuma mkono mpaka damu ikatoka, tukaanguka juu ya mkeka, juu ya wali, tukavutana nywele na kuraruana dera. Nilitaka kumuua. Sisemi kwa kutia chumvi. Nilimshika koo, nikawa naona uso wake unabadilika rangi, nami nahisi raha. Majirani walituachanisha, nadhani walikuwa watu wanne. Mtoto alikuwa amesahauliwa, bado amefungwa, anapiga mayowe, mchuzi unamdondoka kidevuni.

"Umemfunga kwa sanda yake!" nilipiga kelele. "Sanda yake mwenyewe!"

"Kitambaa ni kitambaa!" alijibu wifi, akitafuta pumzi. "Hakufa, je, kitupwe? Mimi nataka ale na watu. Wewe utakufa, na mimi nitakufa. Ni nani atakayekula sinia moja naye?"

Hilo lilinikata maini, kwa sababu nilikuwa nikijiuliza vivyo hivyo kila usiku na sikuwahi kulisema. Nilimfungua mwanangu. Mkono wa kushoto ulikuwa umekufa ganzi. Kile kitambaa nilikitia motoni chini ya karai, na mafuta yalipochemka nilikaanga wale samaki waliosalimika, maana wateja walikuwa wameshafika.

Siku ya kliniki nilimkokota wifi twende naye, mimi mkono umefungwa plasta, yeye shingo imevilia. Yule mama wa mazoezi alitutazama, akauliza kama tumepata ajali. Tukasema ndiyo. Nilimweleza habari ya kufungwa mkono nikitarajia atamkemea mwenzangu. Akasema mkono ulio mzima hufunikwa, ni kweli, ili ule mgonjwa upate kazi. Lakini kwa soksi laini, mtoto akiwa ameshiba na anacheza, akilia inavuliwa. Kamwe si kwa njaa, na kamwe si kwa kamba. Wifi alinigeukia kidevu juu. Mimi pia nilimgeukia kidevu juu. Kila mmoja alikuwa amesikia alichotaka.

Tukaanza na soksi ya mume wangu. Wifi alikuwa akikanda unga wa mahamri kila siku, basi mtoto akawekwa mbele ya beseni, kushoto kumevishwa soksi, kulia kuko wazi, akaambiwa apige donge. Hilo alilipenda. Alikanda kwa ngumi, akilitukana donge kwa matusi yetu yote, na mahamri ya nyumba ile yakawa laini kuliko ya mtu yeyote Munje. Ila ngumi ikabaki ngumi. Mwezi ukaisha, ukaja mwingine, misimu ikageuka. Kuna siku subira iliniisha nikamfungua vidole kwa nguvu, kimoja kimoja, mpaka akapiga yowe. Wifi ndiye aliyenipiga kibao cha mkono. "Muache! Wamvunja!" Mkono haukufunguka, na mimi nikaanza kuuchukia, mkono wa mwanangu mwenyewe.

Ukafika wakati wa chekechea. Nilimpeleka nimemvisha vizuri, nywele zimesukwa. Mwalimu alimpa chaki. Akaipokea kwa kushoto, akaandika mistari yake, na watoto waliokuwa mlangoni wakaanza kumwita ngumi, ngumi. Mwalimu aliwakemea kwa upole, akaniambia nisubiri mwaka mwingine, pengine mkono utakuwa umelegea. Njiani binti aliniuliza kama ngumi ni tusi, nikamwambia anyamaze.

Wifi alikuwa uani na beseni lake la unga. Alimwita mtoto, akamvisha soksi, akamweka penye donge kama kawaida. Kisha akaniuliza imekuwaje, nikamwambia. Akasema, wala hakusema kwa ubaya, "Mimi nilikuambia mapema. Ukanipiga."

Sikungoja amalize. Nilimsukuma akaanguka chali, nikamkalia mapajani vile alivyonikalia mimi siku ile ya karai, nikamzaba kofi la kulia. Nikainua mkono kumpa la kushoto. Yeye hakujikinga. Alinitazama tu, mdomo wazi, pengo lake linaonekana, na nikajua kwamba sitaacha, nitapiga mpaka nichoke, kwa ajili ya mwalimu na wale watoto na wanawake wote walioshiba ghafla.

"Muache shangazi yangu!"

Kofi lilinipata shavuni. Hili nililisikia. Lilikuwa dogo na lenye majimaji, nalo lilitoa mlio.

Nilibaki na mkono juu. Binti yangu alikuwa amesimama kando yangu kwa ncha ya mguu, kamasi zinamtoka. Mkono wake wa kushoto ulikuwa ndani ya soksi, umening'inia. Ule wa kulia ulikuwa hewani, mweupe kwa unga, na wakati nikiutazama ukajikunja taratibu, ukajifumba, ukarudi ubavuni mahali pake.

"Amekupiga kwa upi?" aliuliza wifi, chini yangu.

"Nipige tena," nilimwambia mtoto. "Nipige tena, mwanangu, mama hakasiriki. Nipige."

"Sitaki," alisema, akaificha ngumi nyuma.

Nilianza kulia kwa sauti, kilio cha msibani, na mkono niliokusudia kumpiga nao mwenzangu nikaushusha kifuani pake kwa sababu sikuwa na mahali pengine pa kujishikilia. Wifi aliinua kichwa kutoka mchangani. Alinishika kidevu kwa vidole vyake vya unga, akaugeuza uso wangu penye mwanga, akaanza kunihesabu shavuni kwa kunigusa, alama za unga moja baada ya nyingine.

"Kimoja. Viwili. Vitatu. Vinne," alihesabu vidole vya mtoto huku akilia. Kisha akatafuta cha tano, akanipapasa mpaka sikioni.

"Gumba bado," alisema, nikiwa bado nimemkalia.